Nimeweka pawa saplai mpya, sasa kompyuta inajizima ovyo. Nisaidieni kabla bibi harusi hajanipigia tena

Mtu_wa_Zimma (Jumatatu, saa tatu usiku)

Wadau, habari za jioni. Niko Zimmerman hapa Nairobi, riziki yangu ni kuhariri video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), na hapa nilipo nina kazi ya watu iliyofaa kutoka Ijumaa.

Wiki mbili zilizopita pawa saplai yangu ya zamani (kile kisanduku kinachoipa kompyuta stima) ilikufa. Feni yake ilikuwa imeacha kuzunguka, nikaipuuza, siku moja nikasikia harufu ya plastiki ikiungua na mambo yakaishia hapo. Ilikuwa ile iliyokuja na kesi, imeandikwa 450W, jina lake hata sikumbuki. Nikashuka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, nikanunua mpya ya 650W, 80 Plus Bronze (alama ya ufanisi wa stima), kwa elfu nane na mia mbili, risiti ninayo. Nikaifunga mwenyewe. Ikawaka mara ya kwanza, nikajipigia makofi.

Tangu siku hiyo sina amani. Inajizima. Si skrini ya buluu, si kuganda, wala haitoi onyo. Giza tu, sekunde mbili tatu, halafu inajiwasha yenyewe na Windows inafunguka kama hakuna lililotokea. Jana ilikuwa imefika asilimia 92 ya kutoa (yaani kutengeneza faili ya mwisho ya) video ya saa mbili. Tisini na mbili! Nilikaa nikaiangalia tu.

Mashine ni Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, RAM 16GB vipande viwili, kadi ya picha ya RX 580 ya 8GB, SSD moja na hadidisiki mbili. Windows 10. Kila kitu ni kile kile cha zamani isipokuwa hiyo pawa saplai.

Halafu nikigusa kesi nikiwa miguu peku inanitekenya vidoleni. Lakini hata zamani ilikuwa hivyo, kwa hivyo sijui kama inahusu.

Ndovu_Mkuu

Umeuziwa feki. Hiyo ni 300W iliyobandikwa stika. Ipime uzito, utaona ni nyepesi kama mkate. Rudisha. Uzi umefungwa.

Kasuku254

Uzi haujafungwa, wewe si modereta.

Bisibisi

Boss pole. Mimi natengeneza mashine hapo hapo Luthuli, na kweli vitu feki vipo, sitakataa. Lakini tusimhukumu mtu kabla hajafika kizimbani.

Nijibu haya. Waya za hiyo pawa saplai zimeshikana nayo au zinachomoka? Kama zinachomoka, hukuacha waya za zamani ndani ya kesi ukazichomeka kwa mpya? Hilo nauliza kila mtu, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai kila kampuni ina wake. Plagi inaingia vizuri kabisa, na ndani volti 12 zimepelekwa mahali pa volti 5. Mwezi uliopita nililetewa hadidisiki nne zimekufa siku moja kwa njia hiyo, na mwenyewe alikuwa anaringa vile waya zake zimepangika.

Pili, ikishazima, inajiwasha yenyewe au lazima uguse swichi ya nyuma kwanza?

Tatu, plagi ya CPU pale juu kona ya madabodi umechomeka pini zote nane?

Mtu_wa_Zimma

Waya za zamani zilikuwa zimeshikana na pawa saplai yake, zimeenda nayo. Hizi ni mpya, zilikuja kwenye boksi.

Inajiwasha yenyewe, sigusi kitu.

Hiyo ya tatu umenishika. Nimefungua kesi sasa hivi na tochi ya simu, nikakuta plagi imegawanyika vipande viwili vya pini nne nne. Kimoja kimeingia, kingine kinaning'inia nyuma ya feni kama popo. Nimekichomeka. Narudi kazini, nitawaambia.

Kijana_wa_Likoni

Pini nne pekee zatosha kwa hiyo Ryzen bwana, ni chipu ya wati 65. Hata ikijikaza yafika kama 88. Vema umechomeka, lakini sidhani kama ndiyo dawa.

Mtu_wa_Zimma (Jumanne asubuhi)

Si dawa. Imezima saa kumi na mbili na nusu asubuhi hii nikiwa nahamisha faili tu. Sikuwa natoa video, sikuwa nacheza chochote.

Ndovu_Mkuu

FEKI.

Bisibisi

Ngoja kwanza Ndovu. Kuzima ikiwa haina kazi kunanipunguzia imani na hiyo hadithi ya stika. Hesabu zenyewe: RX 580 inakula kama wati 185 ikiwa imeshikwa na kazi, CPU 88, weka diski, feni na madabodi, jumla hata 350 hufiki. Hata pawa saplai ya uongo haishindwi na wati 90 za kuhamisha faili, labda iwe imeharibika.

Na ile ya kujiwasha yenyewe pia ina maana. Pawa saplai ikijifunga kwa sababu ya shoti au mzigo kuzidi, zilizo nyingi hukaa zimejifunga hadi ukate stima kwa swichi ya nyuma na usubiri kidogo. Yako inazima na kurudi, kama mtu amechomoa waya na kuuchomeka tena. Hebu ingia Event Viewer, fungua Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power yenye namba 41, hiyo ni rekodi ya mashine kuzima ghafla. Ukiipata, fungua maelezo uangalie panapoandikwa BugcheckCode.

Mtu_wa_Zimma

Ziko tele! Zote namba 41, zote BugcheckCode ni 0.

Bisibisi

Sifuri maana yake Windows haikuanguka yenyewe, maana ingeanguka ingeandika namba ya kosa. Hii haikupata hata nafasi ya kusema kwaheri. Aidha stima ilikatika kutoka nje, au pawa saplai ilikata, au madabodi ilijirisetisha. Kwa hivyo acha mambo ya draiva na kuweka Windows upya. Kuna mtu lazima atakuja hapa kukwambia uweke Windows upya.

Pasi_ya_Makaa

Umejaribu kuweka Windows upya?

Kasuku254

😂😂😂

Mama_Saiba

Mwanangu, mimi nina saiba (duka la intaneti) Githurai, mashine kumi na mbili, miaka kumi na mmoja sasa. Sijui mambo ya bugcheck. Ninachojua ni kwamba ugonjwa wa kompyuta una saa zake kama malaria. Hiyo orodha yako si ina saa? Tuandikie zote hapa, na siku zake. Usichague.

Mtu_wa_Zimma

Sawa mama. Nimenakili tangu nilipoweka hii pawa saplai, saa ni za kompyuta:

Jumatatu 19:12
Jumanne 06:31
Jumanne 19:20
Alhamisi 06:29
Ijumaa 21:47
Jumamosi 08:05
Jumamosi 19:02
Jumapili 19:15 (hii ndiyo ile ya asilimia 92)
Jumatatu 06:33
Leo 06:30

Mama_Saiba

Umeona? Kompyuta iliyoharibika haijui saa. Hiyo yako inajua saa kuliko muadhini. Nani hufanya nini kwako saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa moja jioni?

Kijana_wa_Likoni

Mama, nakuvulia kofia.

Mtu_wa_Zimma

Nimeisoma tena orodha na mwili umenisisimka. Jumatano hakuna hata moja. Jumatano ile hatukuwa na maji. Ploti nzima (nyumba zote za kupanga hapa) hakukuwa na maji hadi Alhamisi alfajiri.

Saa kumi na mbili na nusu ndiyo mke wangu huoga akienda kazini. Jioni akirudi huoga tena. Ile Ijumaa alichelewa kwa sababu ya msongamano pale Roysambu, akafika saa tatu na kitu usiku.

Tuna shawa ya stima.

Kasuku254

Shemeji amepatikana na hatia.

Ndovu_Mkuu

Shawa inahusiana vipi na kompyuta? Mimi shawa yangu ni ya stima na kompyuta yangu haijawahi kuzima. Pawa saplai yake ni dhaifu, volti zikishuka kidogo inakufa. Bado ni feki.

Voltimita

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni fundi wa stima wa majumba, si wa kompyuta, lakini hapa mmeingia shambani kwangu.

Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Waya wa ploti ukiwa mwembamba, au umeunganishwaunganishwa njiani, volti za nyumba nzima zinashuka pindi mtu anapofungua maji. Utaona taa zikififia. Hilo kaka hata hulioni siku hizi kwa sababu balbu za LED hazifichui sana siri kama zile za zamani.

Lakini Ndovu, soma stika iliyoko ubavuni mwa pawa saplai ya kisasa. Imeandikwa 100-240V. Inaweza kuishi Marekani kwa volti 120 na isilalamike. Kwa nini ife kwa volti 180 za Zimmerman? Hapo ndipo hadithi inanikataa.

Mwenye uzi, nieleze safari yote ya stima. Kutoka ukutani hadi nyuma ya kompyuta, kuna vitu gani katikati? Vyote, hata kile unachokiona hakina maana.

Mtu_wa_Zimma

Ukutani kuna ekstensheni, ekstensheni inaingia kwa UPS, UPS inaingia kwa kompyuta na monita. UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia stima ikipotea, ni ile ndogo ya 650VA, imeandikwa 360W. Sikuitaja kwa sababu ina miaka mitatu na haijawahi kunisumbua.

Voltimita

😐

Bisibisi

Kumbe!! Boss, kuna UPS siku zote hizo na hukusema?

Swali moja la haraka. Pawa saplai yako ya zamani, ile ya kesi. Nyuma yake, karibu na mahali pa kuchomeka waya, ilikuwa na kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230?

Mtu_wa_Zimma

Ndiyo! Kilikuwepo. Nilipokuwa mdogo kaka yangu alikigeuza kwenye mashine ya shule ya jirani, ikalia kama baruti, mpaka leo naogopa hivyo viswichi. Hii mpya haina.

Bisibisi

Basi nadhani tumefika. Wacha nieleze polepole, maana hili linawachanganya watu wengi na kila wiki naletewa pawa saplai nzima kabisa ati ni mbovu.

Pawa saplai yenye kiswichi chekundu ni ya muundo wa kale. Inachukua stima kwa pupa, inajaza kapasita zake, haijali stima imekuja na sura gani. Hizi mpya zenye alama ya 80 Plus zina saketi ndani inayoitwa PFC hai. Kazi yake ni kuhakikisha mkondo unaovutwa unafuata wimbi la stima, likipanda upande nalo, likishuka ushuke nalo. Ni kitu kizuri. Ila inategemea kuona wimbi laini, lile la mviringo.

Sasa UPS ndogo za bei nafuu, zikiwa kwa betri, hazitoi wimbi laini. Zinatoa ngazi: volti zinaruka juu ghafla, zinakaa hapo, zinaanguka hadi sifuri, zinakaa, zinaruka upande wa pili. Balbu haijali. TV haijali. Pawa saplai yako ya kale haikujali. Lakini PFC hai ikikutana na ngazi, mara nyingine inachanganyikiwa: inaona sifuri mahali isipotarajia, halafu inataka kuvuta mkondo mkubwa wa ghafla, na UPS ndogo haina uwezo wa kuutoa. Mmoja kati yao anakata. Na hapo hujaongeza ule muda wa kuhama kutoka ukutani kwenda kwa betri, milisekunde kadhaa ambapo kompyuta inaishi kwa akiba iliyo ndani ya kapasita. Kiwango cha ATX, kile cha pawa saplai za kompyuta, kinataka akiba hiyo itoshe kama milisekunde 17, na zile zilizobana matumizi hazifiki.

Si pawa saplai zote zinafanya hivyo na si UPS zote. Ni ndoa fulani tu zinazokataa.

Kijana_wa_Likoni

Kwa hiyo pawa saplai nzima, UPS nzima, shawa nzima, na mke mzima. Tatizo ni kuwakutanisha.

Voltimita

Nakubaliana lakini tusishangilie kabla ya kupima. Inaweza pia kuwa betri ya UPS imechoka baada ya miaka mitatu, hilo ni jambo la kawaida sana. Au mzigo umeizidi, maana 360W si nyingi ukiwa unatoa video huku monita iko hapo hapo. Haya yote matatu yatakuonyesha giza lile lile.

Fanya hivi kesho. Hifadhi kazi yako kwanza. Acha kompyuta ikiwa haifanyi lolote, kisha chomoa UPS ukutani. Ikizima papo hapo ikiwa inakula wati 80 tu, basi mzigo hauna hatia. Baadaye toa kompyuta, chomeka TV na taa kwenye hiyo UPS, uchomoe tena ukutani. Zikikaa dakika kumi, betri nayo haina hatia. Ya mwisho ndiyo kubwa: kompyuta moja kwa moja ukutani, UPS ibaki na taa pekee, na shemeji aende kuoga.

Ukiwa na multimita, pima volti za soketi wakati shawa inawaka. Iweke upande wa AC, eneo la 750, ushike ncha kwa plastiki, usiwe miguu peku.

Na hilo la kutekenywa usilipuuze. Nadhani ekstensheni yako ni ya plagi ya miguu miwili au soketi yako haina waya wa ardhi nyuma. Pawa saplai ina vikapasita vya kuchuja kelele vinavyounganishwa kwa kesi. Waya wa ardhi ukikosekana, kesi inaelea na karibu nusu ya volti za ukutani, kwako ni kama 120. Mkondo ni mdogo sana, ndiyo maana inatekenya badala ya kukurusha. Haizimi kompyuta, lakini siku pawa saplai ikiharibika kweli kwa ndani, huo waya ndio uliotakiwa kukuokoa.

Mtu_wa_Zimma (Jumatano, saa nne usiku)

Wadau kaeni chini.

Nilianza saa kumi na mbili jioni. Kompyuta imewaka, haifanyi kitu, picha ya jangwa tu kwenye skrini. Nikavuta plagi ya UPS ukutani. UPS ikasema *tak*, na kabla haijaanza hata kulia bip, kompyuta ilikuwa imezima. Ikajiwasha baada ya sekunde tatu ikiwa bado kwa betri, na safari hii ikakaa! Ikafungua Windows ikiwa juu ya betri. Kwa hivyo inaweza kuishi kwa hizo ngazi, ila kurukia ndiyo haiwezi. Bisibisi utanielezea.

Nikaweka TV na taa ya mezani. Dakika kumi na nane, hakuna shida, nikachoka kusubiri nikachomeka.

Kisha nikakopa multimita kwa jirani wa chini anayetengeneza redio. Mke amefika saa moja na dakika kumi. Nilikuwa nimeshamweleza kwa simu, akaniambia nimeanza kuchanganyikiwa. Kompyuta nikaichomeka ukutani moja kwa moja, taa kwa UPS, multimita kwa soketi ya pili. Nikaanza kutoa ile video ya ruracio ili mashine ivute kwa nguvu.

Soketi ilikuwa inasoma 219. Akapiga kelele kutoka bafuni, "Nifungue?" Nikasema fungua. 219, 190, 181, ikatulia 177. UPS ikasema *tak*. Taa ikabaki inawaka. Kompyuta ikaendelea kutoa video kana kwamba hajaoga mtu.

Akaoga dakika kumi na mbili (nilihesabu). UPS ilirudi ukutani alipofunga maji, *tak* nyingine.

Sasa lililonimaliza. Ametoka, amejifunga leso, namweleza kwa furaha kwamba hicho kisanduku ndicho kinachozima kompyuta. Akaniangalia. Akasema, "Lakini hicho kimekuwa kikilia tak kila nikioga tangu tuhamie hapa. Wewe si ndiye hujivika vile visikilizio?"

Miaka mitatu. Mimi huwa nimevaa visikilizio nikihariri.

Kasuku254

Fundi alikuwa bafuni muda wote huo.

Mama_Saiba

Mwanangu, siku nyingine anza kwa kumuuliza yeye.

Bisibisi

Raha sana. Kuhusu kuwaka na kukaa juu ya betri: ikianza yenyewe, PFC inajipanga taratibu na sura ya wimbi inayoikuta. Kuruka katikati ya kazi ndiko kugumu, kwa sababu katika milisekunde hizo stima inapotea, inarudi na sura nyingine, na pengine inarudi mahali tofauti pa wimbi. Kwa hivyo kwako nadhani pengo la kuhama lina lawama kubwa kuliko ngazi zenyewe. Dawa haibadiliki.

Na pawa saplai yako si feki, Ndovu aje atie sahihi hapa. Kama unataka kuhakikisha zaidi, wakati inatoa video pima volti 12 kwenye plagi moja ya pini nne isiyotumika, waya wa njano na mweusi. Zikiwa kati ya 11.4 na 12.6 uko ndani ya kiwango.

Mtu_wa_Zimma

12.07 ikiwa imetulia, 11.96 ikiwa inatoa video.

Ndovu_Mkuu

Sawa. Nimekubali. Lakini bado unahitaji kuilinda, huwezi kuacha mashine ya kazi ukutani hivi hivi. Nunua ile gadi ya friji, elfu moja na kitu, iweke hapo katikati. Yangu inalinda kila kitu.

Voltimita

USINUNUE GADI YA FRIJI. Samahani kwa kelele. Ile imetengenezwa kulinda mota ya friji dhidi ya volti za chini, kwa hivyo volti zikishuka yenyewe inakata, na ikikata inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa 177 zako itakuzimia kompyuta kila mke akioga, na safari hii haitajiwasha baada ya sekunde tatu, utasubiri kama friji. Ungekuja hapa na uzi mwingine.

Unachotaka ni ekstensheni nzuri yenye kinga ya mruko wa volti peke yake, isiyokata kwa volti za chini, yenye plagi ya miguu mitatu halisi. Ukishapata hela, nunua UPS inayotoa wimbi kamili la sine, yaani lile laini. Ukienda dukani usikubali kuambiwa "hii ni nzuri", soma boksi. Ikiandikwa kwamba ni wimbi la kuigiza au la ngazi, rudisha rafuni. Ziko pia zenye kidhibiti cha volti ndani, ambazo kwa 177 zinapandisha tu bila kugusa betri. Hiyo ingekufaa hata zaidi.

Na mwambie mwenye ploti kuhusu huo waya. Kushuka kutoka 219 hadi 177 kwa shawa moja si kitu cha kucheka. Volti zaidi ya arobaini zinapotelea njiani kama joto, na joto hilo huenda liko kwenye kiungio fulani ndani ya ukuta wa mtu. Tafuta fundi mwenye leseni aangalie sanduku la mita na viungio kabla hujaongeza chochote kingine.

Mtu_wa_Zimma (Ijumaa jioni)

Mrejesho. Nimenunua ekstensheni ya miguu mitatu yenye kinga. Ya zamani niliifungua, Voltimita umeona hadi ndani: plagi ina miguu mitatu lakini waya ndani ni miwili tu, ule mguu wa juu ni wa plastiki, urembo mtupu. Kesi haitekenyi tena, nimejaribu miguu peku (pole Voltimita).

Siku mbili, shawa mara nne, haijazima. Kernel-Power ya mwisho ni ile niliyoisababisha mwenyewe Jumatano.

Mwenye ploti amesema ataleta fundi "wiki ijayo". Mnajua wiki ijayo ya wenye ploti. Mpaka wakati huo nikiwa na kazi ya kutoa video namwomba mke aoge kwanza. Amesema nimlipe.

Video ya ruracio imetoka. Bibi harusi amesema wimbo wa mwanzo sio aliotaka.

Pasi_ya_Makaa

Swali la pembeni, hiyo RX 580 inahimili kuhariri 4K au inakohoa?

Mtu_wa_Zimma

Inakohoa. Natumia faili ndogo za kuhariria, halafu kubwa mwisho.

Mama_Saiba

Hiyo UPS sasa utaifanyia nini?

Mtu_wa_Zimma

Imekaa chini ya meza tu mama. Inashika taa na ruta.

Mama_Saiba

Ruta yangu ya saiba ikizima wateja wanasimama mlangoni wakiniangalia kama nimeiba. Ni ngapi?

Mtu_wa_Zimma

Elfu mbili na mia tano.

Mama_Saiba

Ina miaka mitatu na imekuzimia kompyuta mara kumi, umeandika mwenyewe hapa juu. Elfu moja mia tano, na uniletee Githurai.

Mtu_wa_Zimma

Jumamosi saa tano nitakuwa hapo.